Modemu ya redio ya pakiti: nunua ile inayoachia haraka

Malalamiko yanayonifikia zaidi kuhusu redio ya pakiti, yaani kutuma data za kompyuta kwa redio ya ham, ni haya: ramani ya APRS (mfumo wa kutangaza mahali ulipo) inajaa stesheni vizuri, lakini mtu akijaribu kuungana na BBS, kompyuta ya mbali inayohifadhi ujumbe, mawasiliano yanakatika. Mwenye shida hushuku antena, kisha kompyuta, mwishowe anaagiza redio nyingine. Mara nyingi mkosaji ni modemu, kile kifaa kilicho kati ya redio na kompyuta, na kasoro yake haitajwi kwenye tangazo lolote: kinachelewa kuiachia redio irudi kupokea.

APRS huificha kasoro hiyo. Unatangaza ulipo, basi, hungoji mtu akujibu. AX.25, itifaki ya pakiti, ikitumika kwa kuunganishwa na stesheni moja, haiko hivyo. Ukirusha fremu (fungu moja la data), upande wa pili huithibitisha papo hapo, na kama redio yako bado imeng'ang'ania kurusha ukimya, uthibitisho unapita hewani bila wewe kuusikia. Unarudia, wanarudia, majaribio yanaisha, mnatengana. Hata mwanzo wa kurusha una gharama yake: kwa biti 1200 kwa sekunde, TXDELAY (muda wa kungoja redio ianze kurusha vizuri) ya milisekunde 500 inakula nafasi ya baiti 75 kabla herufi yako ya kwanza haijaondoka.

Ndiyo maana siulizi ukubwa wala Bluetooth. Nauliza PTT, swichi inayoiambia redio irushe, inashikwa na nini, na inaachiwa lini.

Ya kwanza kwangu ni NinoTNC, na upendeleo huo siufichi. Kazi yote ya modemu inafanyika ndani yake, PTT inaishika na kuiachia yenyewe bila kungoja foleni ya sauti ya kompyuta, na inaongea KISS, lugha rahisi ya modemu na kompyuta, kupitia USB. Ina kasi ya 1200, ina 9600, tena ina IL2P, itifaki yenye kurekebisha makosa. Katika AX.25 ya kawaida biti moja tu ikiharibika fremu nzima hutupwa, lakini IL2P hurekebisha makosa kadhaa na ujumbe ukafika, mradi upande wa pili nao unaitumia. Huuzwa kwa vipande, kwa hiyo utalehemu. Usiikwepe kwa sababu hiyo.

Ya pili ni Digirig Mobile, kiunganishi cha sauti kati ya redio na kompyuta, pamoja na Dire Wolf, programu ya bure inayofanya kazi ya modemu. PTT inaamriwa na kompyuta, haikisiwi kutokana na sauti. Dire Wolf huanza na TXDELAY ya milisekunde 300 na TXTAIL (muda wa kuendelea kurusha baada ya data kwisha) ya 100. Zipunguze kidogokidogo, mwenzako akikuambia kama bado anakusoma.

SignaLink USB, kiunganishi kingine cha sauti, naiweka ya tatu, kwa kuwa inashika PTT kwa kusikia sauti. Ukiwa nayo tayari, rudisha kitufe cha DLY, kinachopanga inachelewa kiasi gani kuachia, mpaka mwisho wa chini. Kenwood TH-D75 ina modemu yenye KISS ndani yake, lakini kununua redio ya bei ile kwa ajili ya pakiti peke yake siwezi kukushauri.

Baofeng, ile redio ndogo ya bei nafuu, na kebo ya VOX, yaani PTT inayoshikwa kwa kusikia sauti? Kwa kusikiliza, sawa.

Wauzaji sasa. Wanaandika "tayari kwa pakiti", unafungua boksi na kebo ya redio yako haimo, inauzwa peke yake. Wengine wanabandika "9600" kwenye kebo inayochomekwa tundu la maikrofoni na spika, wakati 9600 inahitaji njia isiyopita kwenye vichujio vya sauti, kwa kawaida ile soketi ya data yenye pini sita. Anayeanza atajuaje? Analipa, haisomi kitu, anajilaumu yeye. Hili linanikera kuliko bei zenyewe, maana watu wenye leseni na hamu wanaiacha pakiti wakiamini ni ngumu.

Kabla hujalipa, mwandikie muuzaji umuulize PTT inashikwa na nini. Akikujibu "ni otomatiki, haihitaji kuseti chochote", mara nyingi hiyo ni VOX. Tafuta muuzaji mwingine.