Nilikodi baiskeli Bonde la Loire: njia tamu, wakodishaji ovyo

Nianze na tyubu, maana ndiyo iliyonitia hasira. Ukichomoa tyubu iliyopata pancha ukakuta tundu moja, huo ni mwiba au kigae cha chupa. Ukikuta matundu mawili madogo yamekaa jozi, usihangaike kutafuta mwiba. Tairi lilikuwa na upepo mdogo, likapiga ukingo wa jiwe, rimu ikaibana tyubu. Yangu ilikuwa na mawili. Na baiskeli nilikuwa nimekabidhiwa asubuhi ileile pale Tours, mji wa Ufaransa kando ya mto Loire, na kijana aliyepima upepo kwa kubonyeza kwa dole gumba. Geji ilikuwa ukutani nyuma yake, na kipimo kinachotakiwa kimeandikwa ubavuni mwa tairi.

Jina la kampuni nalihifadhi. Ilikuwa majira ya joto, mwezi wa saba ukielekea kuisha au wa nane umeshaingia, Jumatatu, kwenye tuta la mto karibu na kijiji cha Bréhémont. Jumatatu ina maana yake Ufaransa: maduka mengi ya miji midogo hufungwa Jumapili na siku hiyo pia, mafundi baiskeli wamo. Yaliyo wazi nayo hufunga saa sita hadi saa nane kwa chakula cha mchana. Mkodishaji anayejua hayo hukupa mfuko wa vifaa uliokamilika. Wangu ulikuwa na pampu, vijiti viwili vya kung'olea tairi, na tyubu ya akiba yenye valvu nene kama ya gari. Rimu yangu ilitobolewa kwa valvu nyembamba ya Kifaransa. Tundu la valvu nyembamba ni kama milimita 6, nene inataka kama 8. Haipiti hata uisomee dua. Nati za ekseli ya nyuma zilikuwa za spana namba 15, na spana hakuna. Viraka hakuna, gundi hakuna.

Nikapiga simu, saa sita imepita kidogo. Dada aliyepokea akasema pancha ni juu ya mteja, nisome mkataba. Nikamweleza habari ya valvu. Akasema tyubu ya akiba nimepewa, anataka nini tena mtu huyu. Nikamweleza habari ya matundu mawili. Kimya, halafu akanitakia mlo mwema, akakata. Mlo mwema! Jua la utosi, begi mbili kwenye kariya, tairi chapati, na mtu ananitakia mlo mwema.

Kilichoniokoa ni kibao cha Accueil Vélo, alama ya nyumba zinazopokea waendesha baiskeli, kwenye nyumba ya wageni kijijini. Kiangalieni kibao hicho mnapopanga malazi. Wenye nyumba zenye alama hiyo wanatakiwa kuwa na vifaa vya matengenezo na mahali salama pa kulaza baiskeli. Mama mwenye nyumba alileta viraka, gundi na pampu ya mguu, wala hakuuliza mkataba wa mtu.

Na ili kuziba pancha, gurudumu la nyuma si lazima litoke. Hili wengi hawalijui. Kuna baiskeli za kukodi zenye gia zilizofichwa ndani ya kitovu cha gurudumu. Ukilegeza nati bila kuachia waya wa gia unajitafutia kazi ya pili. Ipindue baiskeli, fanya kazi upande usio na cheni. Toa upepo wote, ng'oa ubavu mmoja wa tairi kama nusu ya mzunguko, vuta tyubu nje, ijaze upepo, izamishe kipande kwa kipande kwenye beseni la maji uone mapovu. Kausha, sugua kwa msasa, paka gundi nyembamba pana kuliko kiraka, kisha subiri kama dakika tano mpaka isinate kidoleni. Ukibandika ikiwa mbichi kiraka kitateleza. Matundu mawili yakikaribiana, kiraka kimoja kikubwa kinatosha. Kabla ya kurudisha tyubu pitisha vidole ndani ya tairi taratibu, na kabla ya kujaza upepo hakikisha tyubu haijabanwa kati ya tairi na rimu.

Maji yenyewe chota bombani. Mchanga wa Loire unahama, mashimo yanajificha, na sehemu nyingi kuogelea ni marufuku. Mto unavutia, ndiyo, lakini utazame ukiwa juu ya tuta.

Kwa hiyo kabla hujasaini popote: weka tyubu ya akiba kando ya gurudumu, linganisha valvu na ukubwa. Dai spana, viraka na geji. Piga picha magurudumu yote. Na ile bima ya viza ya Schengen ya kuingilia Ufaransa, ya angalau yuro 30,000, inatibu mwili wako, baiskeli haiijui.

Haya, njia. Njia haina kosa. Tuta, vijiji vya mawe meupe, barabara ndogo zisizo na magari, vibao kila njia panda. Kasoro ni mwelekeo wanaokuuzia. Karibu kila mkodishaji anakupangia kwenda na mto, kuelekea baharini, kana kwamba utateremka. Mto ule unashuka kidogo mno, mguu hauhisi kitu. Kinachohisiwa ni upepo, nao kwa kawaida hutoka magharibi, moja kwa moja usoni. Anzia Saumur, upande wa magharibi, uende Tours, Amboise, Blois, mgongo ukisukumwa. Kati ya Saumur na Candes-Saint-Martin, pale mto Vienne unapoingia Loire, kuna vilima vya mizabibu vya kukata pumzi. Vilima hivyo ni vizuri kuvimaliza ukiwa na nguvu mpya. Kwa siku kilomita 40 zinatosha, kwa sababu makasri yanakula saa. Bustani za Villandry pekee ni nusu siku, na kasri la Chambord liko mbali na mto, kwa hiyo kutoka Blois unahesabu kwenda na kurudi.

Kukodi bado kuna hoja, nakubali shingo upande. Baiskeli yako mwenyewe kwenye TGV, treni ya kasi, inataka tiketi yake na nafasi ni chache. Treni za mkoa kutoka stesheni ya Paris-Austerlitz nazo hujaa majira ya joto. Na huduma ya kuhamisha mizigo ilikuwa safi: begi kubwa unaliacha mapokezi asubuhi, jioni unalikuta hoteli inayofuata, bila kukosa. Tena siku ya kurudisha baiskeli fundi wao aliitazama tyubu yangu, akatikisa kichwa, akakiri upepo ulikuwa mdogo. Hapo nilishapanda hadi nyota tatu.

Kisha ikaja barua pepe. Wamekata kwenye dhamana bei ya tyubu ya akiba, "iliyotumika". Ile ya valvu nene, niliyoirudisha ndani ya boksi lake, isiyoweza kuingia kwenye gurudumu lolote la baiskeli ile. Nyota moja.

Mbili, basi. Ya pili apewe dereva wa mizigo.