Pesa ya huduma kwenye uzio wa wapangaji wanne, Ligula, Mtwara

Uzio huu una wapangaji wanne, kila mmoja na vyumba viwili na sebule. Juu ya kodi ya pango, kila nyumba hutoa shilingi 25,000 kwa mwezi za mlinzi wa usiku, taka, usafi wa uwanja na utunzaji wa maji. Mlinzi yupo kweli, uwanja ni msafi.

Maji yamepangwa vizuri. Baada ya mita kuu ya MTUWASA, mamlaka ya maji ya Mtwara, kila nyumba ina mita ndogo yake, na usomaji unafanyika mbele ya wote. Kilichobaki ni kujumlisha mita ndogo nne na kulinganisha na ile kuu. Pengo likionekana, kuna bomba linavuja ardhini au floti ya simtanki haifungi.

Umeme ndio unaotia doa. Luku ni moja. Mwenye mita yake kwenye daraja la D1, la matumizi madogo ya nyumbani, akiwa hazidishi uniti 75 kwa mwezi, hununua uniti kwa shilingi 100 kabla ya kodi na tozo. Nyumba nne kwenye mita moja haziwezi kubaki humo, kwa hiyo wote wananunua kwa 292, hata mwenye taa tatu na redio. Pampu ya maji nayo imeungwa humo humo: kilowati 0.75, saa mbili kwa siku, ni uniti 45 kwa mwezi, yaani kama shilingi 16,000 pamoja na tozo. Mkataba hausemi nani anazilipa. Haki ni ziingie kwenye ile 25,000, na mwenye nyumba aombe TANESCO mita nne. Mpaka hapo, mwenye friji pekee atamlipia jirani mwenye kiyoyozi.

Kodi ya majengo, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, hukatwa kwenye luku hiyo hiyo. Ni deni la mwenye nyumba, lakini hapa hairudishwi. Idai ipunguzwe kwenye kodi ya pango, na iandikwe. Mita iliyokaa miezi sita bila kununuliwa umeme hulimbikiza deni la 9,000 la kodi hiyo, hivyo kabla ya kupokea funguo mwombe mwenye nyumba anunue umeme mbele yako.

Shimo la maji taka halimo kwenye mkataba kabisa. Mfuniko wake una ufa, maji ya mvua yanaingia, na gari la kunyonya litaitwa mapema kuliko ilivyopaswa. Mfuniko uzibwe kwa gharama ya mwenye nyumba kabla wapangaji hawajaambiwa wachange.