Nozo nne za jiko la mtumba: uzoefu wangu

Jiko lenyewe ni la mtumba kutoka Uingereza, pleti nne na oveni. Nililinunua hapa Dar kwa muuzaji aliyeniwashia palepale dukani. Moto ukapanda, nikaridhika, nikalipa. Ule urefu wa moto ndio ungenishtua, ila mimi niliona ni nguvu.

Wiki haikuisha sufuria zote zikawa nyeusi tii, kama vile napikia kuni. Ndimi za njano zinalamba mpaka masikio ya sufuria, macho yanawasha, na mtungi wa kilo 15 uliokuwa unanifikisha mwezi na nusu ukakata ndani ya wiki tatu.

Fundi wa kwanza alikuja na nyundo. Akafungua nozo ya pleti kubwa, yaani kile kichuma kidogo chenye tundu la kutolea gesi, akaigonga mdomoni ili tundu lisinyae. Moto ulipungua kweli, lakini ukaegemea upande mmoja. Upande wa pili unawaka, unazima, unawaka, na upepo wa dirishani ukipita kidogo tu unazima kabisa. Gesi inatakiwa itoke kwenye nozo kama mshale ulionyooka katikati ya kibomba cha pleti, maana mwendo huo ndio unaovuta hewa na kuchanganyika nayo kabla ya kufika kwenye moto. Tundu likipinda, gesi inapiga ukuta wa kibomba na hewa inavutwa kidogo.

Wa pili, kijana mpole, alitazama nozo moja akacheka. "Dada, hizi ni za gesi ya bomba." Akanionyesha namba iliyochongwa ubavuni: 115, yaani tundu la milimita 1.15. Majiko ya kule Uingereza mengi hutumia gesi asilia, inayofika nyumbani kwa bomba. Hii yetu ya mtungi, kwa ujazo uleule, ina joto zaidi ya mara mbili, kwa hiyo tundu lazima liwe dogo. Pleti kubwa ikatoka 115 ikaenda 85, zile mbili za kati 97 zikawa 65, na ile ndogo ya chai 72 ikawa 50.

Seti ya nozo nne ilinigharimu kama kilo moja na nusu ya nyama. Kuzibadilisha ni spana ya boksi namba 7 na dakika kumi, mtungi ukiwa umefungwa. Alipowasha sikuamini: moto wa bluu, mfupi, umetulia juu ya matundu yake pande zote. Niliwasha feni ya mezani kwa makusudi. Ulitikisika, ukabaki.

Lawama ninazo. Seti inakuja kwenye kimfuko kitupu, hata karatasi ya maelezo hamna, na kuhusu moto mdogo hakuna anayekwambia. Jioni ile nilipalia wali nikiwa nimeshusha moto mpaka mwisho, bado ukaungua chini ukoko mweusi, kwa sababu ndani ya kila swichi kuna kiskrubu kinachopima gesi ya moto mdogo, nacho kilikuwa bado kimepimwa kwa gesi ya bomba. Fundi akarudi kesho yake, akavikaza vyote, safari hii nikamlipa nauli tu.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeinyima kwa sababu nozo ya oveni haimo kwenye seti. Keki bado naoka kwa mkaa, juu na chini.