3D Monster Maze: gemu la 1981 linalotisha bila sauti

Hakuna muziki, rangi wala mlio wowote, na bado gemu hili la Malcolm Evans linamtoa mtu jasho. Liliandikwa kwa ajili ya Sinclair ZX81, kompyuta ya nyumbani ya Uingereza. Uko ndani ya mzingile wa miraba 16 kwa 18, unaona kuta zinakuja mbele yako kama vichochoro vya Mabatini, Mwanza, kwa mgeni, na humo anazurura Rex, dinosau mla nyama. Mstari mmoja wa maandishi ya Kiingereza ndio masikio yako: anakuvizia, anakutafuta, vishindo vinakaribia, amekuona, kimbia yuko nyuma yako! Kisha unageuka, na skrini yote imejaa meno.

Vitufe ni vitatu: 7 mbele, 5 kushoto, 8 kulia. Kurudi kinyumenyume hakupo. Kugeuka nyuma ni kubonyeza 5 mara mbili, na wengi wanaliwa hapohapo, wameshaingia kichochoro kilichoziba. Ukisoma kwamba vishindo vinakaribia, kaa karibu na kona. Kwenye njia ndefu iliyonyooka Rex anakuona toka mbali. Mzingile hupangwa upya kila mara, hivyo kukariri njia hakusaidii. Kuupanga huchukua kama sekunde 30, usidhani mashine imeganda.

Kwa walioko Mwanza, njia rahisi ni laptopu yenye programu ya kuigiza ZX81. Weka memori ya 16 KB kwanza, maana 1 KB iliyokuja na mashine haitoshi. Bonyeza J, litatokea neno LOAD (amri ya kupakia), halafu Shift na P mara mbili, kisha Enter.

Ukibahatika kupata mashine halisi, iweke mezani usiitikise. Kipande cha memori cha nyuma hulegea, na kikicheza kidogo tu gemu linakufa. Umeme ukikatika ni hivyo hivyo: unaanza tena kupakia kutoka kwenye kaseti, dakika kadhaa. Adapta iwe ya volti 9, chanya kwenye ncha, na uangalie tundu vizuri, kwa sababu pini yake inaingia pia kwenye matundu ya kaseti. Televisheni itafutie chaneli 36 ya UHF, upande wa analojia.

Kwenye simu silipendekezi. Vitufe vya kugusa vinachelewesha kugeuka, na Rex hasubiri.