Diski ipi uiweke kwenye mashine iliyochoka

Kabla hujaiuza kompyuta mpakato yako kwa sababu inakawia kuwaka, mwambie fundi afungue uone ina diski gani. Mara nyingi tatizo liko hapo, prosesa haina kosa.

Windows haihifadhi faili kama gunia lililowekwa pembeni. Inaikata vipande vinavyoitwa klasta, kwa kawaida KB 4 kila kimoja, na kila kipande kinaingia palipo na nafasi. Ukifuta, ukaongeza, ukafuta tena kwa miaka, vipande vya faili moja vinatapakaa. HDD, diski ya aina ya zamani, ina kichwa kinachosogea juu ya sahani inayozunguka, nyingi za kompyuta mpakato mara 5,400 kwa dakika, na kila kipande kilicho mbali ni safari nyingine. SSD, diski inayohifadhi kwenye chipu, haina kitu kinachosogea.

Namba moja kwangu ni SSD ya inchi 2.5 ya SATA, yaani yenye kiunganishi kilekile cha HDD ya kompyuta mpakato. Inakaa palepale ilipotoka HDD, inasoma hadi MB 550 hivi kwa sekunde, na kwa mashine ya zamani hakuna pesa inayorudi haraka kuliko hiyo. GB 256 zinatosha kazi za ofisi, ila ukimudu chukua 512. SSD haiwezi kuandika juu ya data ya zamani, lazima ifute bloku nzima kwanza, kwa hiyo ikikaribia kujaa inazidi kuwa nzito. Iachie nafasi. Na usiipange upya vipande kama HDD, unaichosha bure. Tangu Windows 7, mwaka 2009, mfumo wenyewe unaiambia diski nafasi zipi zimeachwa wazi.

Ya pili ni NVMe, SSD inayopita njia ya kasi iitwayo PCIe badala ya SATA. Hata zile za kizazi cha tatu cha PCIe zinafika MB 3,500 kwa sekunde, lakini mashine nyingi za zamani haziipokei. Halafu M.2, kadi nyembamba ambayo NVMe nyingi huja nayo, ni jina la umbo tu: kuna M.2 ya SATA na M.2 ya NVMe. Usilipe kabla ya kujua tundu lako ni la ipi.

HDD ya nje naiweka ya tatu, kwa ghala la picha na video. TB 1 itaonekana GB 931 kwenye Windows. Hujaibiwa, kiwanda kinahesabu kwa 1,000 na Windows kwa 1,024. Kama utaihamisha kati ya Windows na Mac, iformati kwa exFAT, mpangilio wa faili ambao zote mbili zinausoma na kuuandika. FAT32, mpangilio wa zamani, hukataa faili moja ikifika GB 4, na video ya harusi inazipita.

Flashi ya "TB 2" kwa bei ya kutupa usiiguse. Chipu yake imefundishwa kutaja ukubwa isio nao, unanakili kila kitu vizuri, kisha faili hazifunguki. Ukiwa tayari umenunua, ijaze yote kwa H2testw, programu inayoandika data kisha kuisoma tena kuona kama ipo, kabla ya kuweka picha hata moja.