SQLite kwenye duka la pembejeo Moshi: uzoefu wangu

Kama una duka lenye kaunta mbili tatu na mtu anakushauri ununue seva, msikilize kwa adabu, kisha jaribu SQLite kwanza. Mimi naitumia kwenye programu ya mauzo na stoo ya duka la pembejeo hapa Moshi, na sioni sababu ya kuitoa. Ila ukiichukua ilivyo, bila kugusa mipangilio yake, itakutesa.

Kwa asiyeijua, ni kanzidata inayokaa yote ndani ya faili moja. Hakuna seva ya kuwasha wala leseni ya kulipia, D. Richard Hipp aliitoa mwaka 2000 na kuiacha mali ya umma. Simu yako ya Android tayari inayo.

Kilichonifanya niiamini ni umeme. Unakatika muuzaji akiwa katikati ya kuingiza mauzo, na UPS yenyewe ilishachoka. Ukirudi, mauzo yaliyokamilika yapo yote, na lile lililokatikia njiani halipo kabisa. Huwezi kukuta mzigo umetoka stoo halafu hela haionekani. Mpangilio wa synchronous, unaoamua SQLite isubiri kiasi gani diski imalize kuandika, nimeuacha kwenye FULL. Ukiushusha, kasi inaongezeka, lakini ukiwa kwenye WAL (hali ambayo mabadiliko yanaandikwa kwanza kwenye faili la pembeni) mauzo ya mwisho mwisho yanaweza kupotea umeme ukizima. Kasi hiyo duka la mbegu halina kazi nayo.

Kero yenyewe ilikuja masika. Wenye mashamba ya tambarare wanashuka kutoka Kibosho na Uru kutafuta mbegu za mahindi, foleni inafika barazani, na kaunta ya pili inaanza kukataa kuuza kwa sababu kanzidata imefungwa. Mangi, ndivyo tunavyomwita mwenye duka, alikuwa ameshaambiwa na fundi mmoja kwamba SQLite imezidiwa, anunue kitu kikubwa zaidi. Haikuwa imezidiwa. Ni kweli inaruhusu mwandishi mmoja tu kwa wakati, lakini kuandika mauzo ya mteja mmoja ni kazi ya kufumba na kufumbua. Tatizo lilikuwa programu niliyoikuta pale: ilifungua muamala (kundi la maandishi yanayoingia yote au yasiingie kabisa) mteja akitaja bidhaa ya kwanza, na kuufunga risiti ikitoka. Hapo katikati mama anatafuta simu kwenye mkoba, anakosea namba ya siri, anasubiri ujumbe wa M-Pesa, anauliza, "Mwanangu, hela imeingia?" Muda wote huo kaunta ya pili imekwama.

Nikabadilisha mpangilio wa kazi. Orodha ya bidhaa inakaa kwenye kumbukumbu ya programu mpaka malipo yathibitike, ndipo muamala unafunguliwa kwa BEGIN IMMEDIATE, amri inayoshika zamu ya kuandika papo hapo, unaandika kila kitu na kufungwa hapo hapo. Nikawasha WAL ili anayeangalia bei asigongane na anayeandika. Busy_timeout, yaani muda wa kusubiri kufuli ya mwandishi mwingine, nikaiweka sekunde tano, maana isipopangwa ni sifuri: ikikuta kufuli inakata tamaa papo hapo, haisubiri hata kidogo. Masika yaliyofuata foleni ilikuwepo, ila ya watu, si ya kompyuta.

Kwenye aina za data, waundaji wake wamekuwa wakarimu kupita kiasi. Safu ya idadi imeandikwa INTEGER, kijana wa kaunta akaandika "nusu" kwa mteja wa nusu lita ya dawa ya kunyunyizia, na ikapokea bila kinyongo. Jioni kwenye jumla, "nusu" ilihesabiwa sifuri. Dawa yake ni majedwali ya STRICT, yanayokataa data isiyo ya aina ya safu yake, yaliyokuja na toleo la 3.37 mwaka 2021. Sasa dawa napima kwa mililita, mbegu kwa gramu, bei kwa shilingi kamili, zote namba nzima. Ulinzi wa funguo za kigeni, yaani viungo kati ya jedwali moja na jingine, nao huwa umezimwa; uwashe kila programu inapounganishwa, la sivyo utabaki na mauzo ya bidhaa ambayo haipo tena kwenye orodha.

Nakala ya akiba usiitoe kwa kunakili faili huku watu wanauza. Ukiacha faili la WAL nyuma, umeacha na mauzo ya karibuni. Mimi natumia VACUUM INTO, amri ya SQLite ya kutoa nakala kamili, jioni kwenda kwenye flashi, kisha naifungua ile nakala na kuipitisha integrity_check, ukaguzi wa kuona kama faili ni zima. Flashi inaondoka na Mangi.

Na usiweke faili lenyewe kwenye folda ya mtandao ili kaunta zote zilifungue. Kufuli za mafaili huko haziaminiki, na WAL haifanyi kazi kati ya kompyuta tofauti. Kwetu kompyuta moja ndiyo yenye faili. Kaunta ya pili inaingia kwa kivinjari kupitia ruta.

Naipa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya hiyo mipangilio inayokuja imezimwa. Mangi anazungumzia kufungua tawi Arusha, kilomita 80 hivi kutoka hapa, na anataka stoo zote mbili zionekane pamoja saa hiyo hiyo. Hilo likitimia nitamhamishia PostgreSQL, kanzidata ya kutumia seva. Duka la Moshi likibaki peke yake, hili faili moja linamtosha.