Programu za kujifunzia Kijerumani kwenye simu: ipi ulipie, ipi uitumie bure

Programu zote za Kijerumani hujinadi kwa ahadi ileile: dakika chache kila siku, na utaongea. Hizo dakika za kila siku nazitetea kwa moyo wote, kwa kuwa anayesoma dakika ishirini kila asubuhi humwacha mbali anayejifungia Jumamosi moja kwa saa tatu. Lakini kabla hujatoa pesa, jiulize: ndani ya dakika hizo ishirini, programu inakufanyisha nini hasa?

Nauliza hivyo kwa sababu ya Kijerumani chenyewe. Kila nomino ina jinsia yake: der Tisch, die Lampe, das Buch. Tena hiyo der hugeuka den au dem kufuatana na kazi ya nomino katika sentensi. Vitenzi navyo hukatika vipande. Ankommen, yaani kufika, ukikitia katika sentensi unapata Ich komme um acht Uhr an, kipande kimoja mbele na kingine mwisho kabisa. Jambo la kwanza lisikutishe. Sisi tunasema kiti kimevunjika, meza imevunjika, bila hata kufikiri, kwa hiyo wazo la nomino kubeba upatanisho wake tumezaliwa nalo. Linalohitajika ni mazoezi ya kutunga sentensi nzima mwenyewe, na mtu au mtambo wa kukueleza kwa nini umekosea. Kwa mizani hiyo nimezipanga hivi.

Ya kwanza ni Nicos Weg ya Deutsche Welle, na ni ya bure. Ni kozi ya video inayoanzia A1, ngazi ya mwanzo kabisa ya kujifunza lugha, hadi B1, ngazi ya kati. Inamfuata Nico, kijana Mhispania anayefika Ujerumani na kupoteza begi lake, na unajifunza pamoja naye kuuliza njia, kupanga chumba, kutafuta kazi. Ubora wake ni kwamba unasikia Wajerumani wakisema kwa kasi ya kawaida, kila mtu na sauti yake, kisha mazoezi yanarudi kwenye maneno yaleyale uliyoyasikia. Sarufi imeelezwa kwa utulivu. Udhaifu wake ni kwamba haikusukumi: usipofungua, hakuna atakayekukumbusha kwa bidii. Kwa mwenye nidhamu, sioni sababu ya kulipia chochote kabla ya kuimaliza ngazi ya A1 hapa.

Ukishajua utaendelea, na una pesa ya kutenga, ya pili ni Babbel. Kampuni yake iko Berlin, na imekuwepo tangu 2007. Masomo yake hukaa kati ya dakika kumi na kumi na tano, na kinachonifanya niipandishe ni kwamba haikuachi ubahatishe kanuni: ikifika kwenye den na dem inasimama, inaeleza, kisha inakupa mazoezi. Unaandika maneno kwa herufi zake zote, ä, ö, ü na ß zikiwemo. Ni ya kulipia, sehemu ya bure ni ya kuonja tu.

Busuu naiweka ya tatu, karibu sana na Babbel. Hapa unaandika au kurekodi jibu fupi, na wenyeji wa Kijerumani wanaotumia programu hiyo wanakusahihisha. Hakuna zoezi la kuchagua jibu linaloweza kukupa unachopata mtu anapokuambia sentensi yako inaeleweka lakini Mjerumani hasemi hivyo. Tatizo ni kwamba wasahihishaji si walimu, wengine huweka alama ya pongezi na kupita. Ukihitaji wakufunzi, vhs-Lernportal, jukwaa la bure la vyuo vya elimu ya watu wazima vya Ujerumani, linao, ila mwonekano wake ni wa darasani zaidi.

Ya nne ni Duolingo, na najua wengi wangeitaja kwanza. Tangu ilipofunguliwa kwa umma mwaka 2012 imewafanya watu wengi wafungue somo kila siku, na hilo si jambo dogo. Kwa anayeanza kutoka sifuri na kukata tamaa haraka, toleo la bure linafaa sana. Lakini sehemu kubwa ya kazi ni kupanga maneno uliyokwisha kupewa, na unaweza kulinda mfululizo wako wa siku huku hujatunga sentensi hata moja kichwani. Kulipia hasa kunakuondolea matangazo na vizuizi, na pesa hiyo ningeipeleka Babbel.

Pimsleur ni kwa mwenye safari ndefu za kila siku: masomo ya sauti ya takriban nusu saa, yanayokudai ujibu kwa kinywa. Inajenga matamshi vizuri, inaacha kuandika.

Anki siipangi na hizi kwa kuwa si kozi, ila uwe nayo pamoja na yoyote utakayoichagua kati ya hizo. Ni kadi za kukariri zinazorudi kwako pale unapokaribia kusahau, kwa kanuni inayotokana na utafiti wa kumbukumbu wa Mjerumani Hermann Ebbinghaus, uliochapishwa mwaka 1885. Kwenye Android na kompyuta ni bure, kwenye iPhone unalipa mara moja. Kadi zako uzitengeneze mwenyewe, na usiandike Tisch peke yake, andika der Tisch pamoja na wingi wake, die Tische.

Jambo moja ulijue mapema: Babbel, Busuu na Duolingo hazifundishi Kijerumani kwa Kiswahili, kwa hiyo maelezo utayasoma kwa Kiingereza au lugha nyingine kubwa. Na ikiwa lengo lako ni cheti cha Kijerumani cha Taasisi ya Goethe, kumbuka mtihani una kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza, na hiyo ya mwisho itahitaji mtu wa kuzungumza naye.

Ukilipia, anza na mwezi mmoja hata kama mwaka mzima unatoka nafuu zaidi. Malipo hujirudia yenyewe, na kufuta programu kwenye simu hakuyasimamishi: ingia kwenye mipangilio ya duka ulikoinunulia, uyasitishe kabla ya tarehe ya kukatwa.